Nimeua miche 23 ya mteja, bado naweza kusomea ufundi bustani?

Mama shikamoo.

Naomba jina langu lisitoke. Nina miaka 28, ni mwanamke, nimefanya kazi ya kuingiza data kwenye kompyuta miaka minne na mkataba ulipoisha haukuongezwa. Nikiwa bado kazini nilikua nawahi sana kufika, sasa pale mlangoni kulikua na maua yamekauka hakuna anayeyajali, nikaanza kuyamwagilia, nikatoa makavu, nikaleta mengine, mpaka wageni wakawa wanauliza nani anatunza hapa. Bosi wangu akaniomba nikamsaidie nyumbani kwake, jirani yake akaona naye akataka, ikawa hivo hivo, leo nina nyumba sita naenda kila wiki na kwa kweli mama sijawahi kupenda kazi kama hii. Nikishika mkasi asubuhi ata simu siikumbuki.

Sasa kilichonikuta. Miezi mitano iliyopita mama mmoja mteja wangu alitaka uzio wa mimea upande mmoja wa kiwanja chake, miche 40. Nikachagua miche mikubwa, ile iliyokaa muda mrefu kwenye viriba, nikijua mikubwa ndo itashika haraka. Nikachimba mashimo marefu mpaka karibu na goti, chini nikajaza samadi ya kutosha, nikapanda, nikafukia, nikashindilia na mguu. Kijana wa pale nikamwambia amwagilie asubuhi na jioni asikose ata siku moja. Wiki ya sita hivi majani yakaanza kuwa njano. Nikajua ni njaa, nikaweka mbolea ya dukani, yakazidi, nikamwambia kijana aongeze maji. Mpaka leo imekufa miche 23. Yule mama hajanifokea na hilo ndo linaniumiza zaidi, alisimama tu akaangalia alafu akasema ntakupigia. Hajapiga. Ile barabara sipiti tena, nazunguka.

Hapo ndo nikajua sijui kitu, nataka kusomea hii kazi iwe kazi yangu ya maisha. Njia nnazoziona ni tatu. Kuna chuo kina kozi ya bustani miaka miwili unapata cheti, ada inamaliza karibu akiba yangu yote. Kuna mzee mmoja ametunza bustani zaidi ya miaka thelathini, hana cheti chochote ila bustani zake ukizipita lazima usimame, amesema niende nimsaidie nitajifunza hapo hapo. Na kuna kozi ya kwenye intaneti, mwezi mmoja na cheti unatumiwa kwenye simu.

Baba yangu anasema hakunisomesha ili nikawe shambaboi wa watu. Kaka anasema kwa umri huu nimechelewa, wenzangu wameanza wadogo. Mimi nashindwa kuwajibu kwasababu na mimi nikikumbuka ile miche naona kama wana haki. Naomba unisaidie mama, nichague ipi, na je mtu aliyeua miche 23 ana sababu ya kuendelea?

Mwanao mwenye aibu

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonishika siyo ada wala cheti, ni hilo neno lako la kwamba ile barabara huipiti tena, unazunguka. Kwahiyo naomba tuanzie huko huko kwenye uzio, vyuo tutavifikia, kwasababu ile miche 23 iliyokufa ndo darasa lako la kwanza na bado iko pale imesimama inakusubiri uisome.

Umeniandikia mengi mazuri kuhusu ulichofanya juu ya ardhi, mashimo, samadi, maji, mbolea, rangi ya majani. Ila hujaniandikia neno moja kuhusu mizizi. Hujaiangalia. Na wengi tuko hivo mwanzoni, mmea ukiugua tunaongeza kitu, maji, mbolea, dawa, tunaongeza tu, kuchimba tukaangalia kunatokea nini chini tunaogopa au hatujui kama inaruhusiwa. Inaruhusiwa. Mche ukishakufa hauna cha kupoteza.

Fanya hivi. Mpigie yule mama, usisubiri akupigie, mwambie mama naomba nije nichimbue miche miwili iliyokufa na mmoja unaosuasua nijue kilichotokea, sitaki malipo. Nenda na jembe la mkono, ndoo ya maji na kisu. Usiuvute mche kwa shina, chimba pembeni kidogo kidogo mpaka unyanyuke na udongo wake, alafu uzamishe kwenye ndoo uusuuze taratibu mpaka mizizi ibaki mitupu. Sasa angalia. Mzizi mzima ni mgumu, ndani ni mweupe au wa rangi hafifu. Mzizi uliooza unakuwa wa kahawia iliyokolea au mweusi, laini, ukiubana na kuuvuta kidogo ngozi yake inavuka kama soksi unabaki umeshika kauzi kembamba ka katikati, na mara nyingi unanuka kama maji ya mtaro. Ukiona hivo ujue mizizi ilikosa hewa. Watu wanadhani mizizi inakunywa maji tu, kumbe inapumua pia, udongo ukijaa maji muda wote hewa inatoka, mizizi inakufa, na mzizi uliokufa haunyonyi chochote kwahiyo juu majani yanakuwa njano na kunyauka wakati chini kumelowa. Mtu anaona mmea umenyauka anaongeza maji. Na mbolea ya dukani nyingi ni chumvi za aina yake, ukiimwaga kwenye mizizi inayoumwa inazidi kuikausha.

Cha pili angalia umbo. Miche iliyokaa sana kwenye kiriba mizizi yake inazunguka, inazunguka, inafuata ukuta wa nailoni mpaka inajisuka kama kikapu. Ukiipanda ilivyo inaendelea kuzunguka hapo hapo, nje haitoki, unaweza kung'oa mche baada ya miezi mitano ukakuta bado una umbo la kiriba kabisa. Ndo maana fundi anayejua hachagui mche mrefu kuliko wote, anachagua ule wa kadiri wenye mizizi iliyotulia, na kabla ya kupanda anaupasua ule mduara pembeni kwa kisu au kuufungua kwa vidole.

Cha tatu, tafuta pale shina linapoanza kutanuka na mzizi wa kwanza kutokea, alafu pima ulikuwa chini ya udongo kiasi gani. Hapo panatakiwa pawe usawa wa ardhi. Wewe umechimba mpaka karibu na goti ukajaza samadi chini, samadi inavyoendelea kuoza inashuka, na mche unashuka nayo, shingo inafukiwa inakaa kwenye unyevu. Na kama samadi ilikuwa mbichi inatoa joto inaunguza mizizi. Shimo linatakiwa kuwa pana, mara mbili au tatu ya upana wa kiriba, lakini kina chake kisizidi kimo cha udongo ulioko ndani ya kiriba, mche ukae juu ya ardhi ngumu isiyochimbwa ili usizame. Mboji unaiweka juu kama matandazo na unaiacha mbali kidogo na shina.

Sijauona huo uzio kwahiyo siwezi kukuambia kipi kati ya hivyo ndo kiliua, inawezekana vyote vimesaidiana. Kuna jaribio moja tu nakuongezea, ukiwa hapo hapo chimba kashimo ka sentimita 30, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena alafu weka kijiti upime yanashuka kiasi gani kwa saa. Yakishuka pungufu ya sentimita 2 hivi kwa saa ujue huo udongo haupitishi maji vizuri, ni mfinyanzi au umeshindiliwa na magari ya ujenzi, na kumwagilia asubuhi na jioni kwenye udongo huo ni kuzamisha mimea. Kama ni hivo usirudishie miche pale kabla hujatengeneza njia ya maji au hujainua tuta.

Nimekaa sana hapo kwasababu nataka uone kitu. Hayo yote niliyokuambia, nusu nilifundishwa na mikono ya watu na nusu nimesoma. Na hapo ndo jibu la njia zako tatu lilipo.

Mimi nilifundishwa na mzee kama huyo wako. Mungu amrehemu, alikuwa anaweza kushika udongo akaufinya akakuambia mvua ya mwisho ilinyesha lini. Alinifundisha kunoa mkasi, kunyoosha tuta kwa kamba, kupanda kwa mstari, kuamka mapema, kusimama mbali na bustani na kuitazama kabla ya kugusa chochote. Hayo hakuna chuo kingenipa vile. Lakini huyo huyo alinifundisha kwamba ukikata tawi kubwa ukate sambamba kabisa na shina liwe laini kama limepigwa randa, alafu upake rangi kwenye kidonda. Nikafanya hivo miaka mingi, miti ya watu, tena kwa kujivuna. Miaka kadhaa baadaye tunaanza kuona mashimo, kuvu, shina linaoza kuanzia pale pale nilipokata.

Nilikuja kujua kwa nini siku nilipokaa darasani. Kulikuwa na mtafiti wa misitu wa Marekani aliyeitwa Alex Shigo, yeye alichukua msumeno wa mashine akapasua maelfu ya miti kwa urefu kuangalia ndani kidonda kinaendaje. Akaonyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu, mti unajenga kuta ndani yake kuuzuia uozo usisambae, na pale tawi linapoungana na shina kuna uvimbe kama kola ya shati, huo uvimbe ndo wenye ulinzi wa mti. Ukikata sambamba na shina unaiondoa kola, umeufungulia mlango uozo. Unatakiwa ukate nje kidogo ya huo uvimbe, na ile rangi haisaidii kuzuia uozo. Na tawi zito halikatwi kwa mkato mmoja, unakata kwanza kwa chini kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, kisha juu mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke lenyewe bila kuchana gome, ndo unamalizia kipande kilichobaki pale kwenye kola.

Yule mzee wangu hakuwa mjinga wala mvivu, alifundishwa hivo na aliyemfundisha. Na darasani nako nilikaa na vijana walioweza kukuchorea hiyo kola ubaoni vizuri kabisa ila ukiwapa msumeno wanachana gome mpaka chini. Ndo maana mtu akiniuliza fundi au chuo mimi nasema vyote viwili, swali langu ni kipi kianze.

Kwako wewe nasema anza na mzee. Mwaka mmoja mzima, usipungue, kwasababu bustani inajifunza kwa mzunguko, kuna mvua na kiangazi, au baridi na joto, kutegemea unaishi wapi, na kuna mambo yanatokea mara moja tu kwa mwaka, ukiyakosa unasubiri mwaka mwingine. Kwa mfano kupogoa. Kuna vichaka vinatoa maua kwenye matawi ya msimu uliopita, hivyo ukivipogoa kabla ya maua umekata maua yenyewe, unavisubiri vimalize kuchanua. Na kuna vinavyotoa maua kwenye machipukizi mapya, hivyo vinapogolewa kabla havijaanza kuchipua. Hilo unaweza kulikariri kwa dakika mbili, ila kulijua kwa macho, kusimama mbele ya kichaka usichokijua na kuona maua ya zamani yalishikia wapi, kunataka msimu mzima wa kusimama pale.

Nyumba zako usiziache zote, baki na tatu ambazo hazikusumbui, siku zilizobaki nenda kwa mzee. Na mkubaliane mapema siku ngapi, saa ngapi, atakulipa au hatakulipa au atakulipa kidogo, msiache ikae kwenye hewa. Muombe kitu kimoja zaidi, akupe tuta lako mwenyewe, ata liwe dogo la mita mbili, ambalo likifa limekufa mikononi mwako na likistawi umelistawisha wewe. Ukitaka kumuuliza kwa nini anafanya jambo fulani, usimuulize mbele ya mteja, msubiri mkikaa kivulini mnakunywa maji, wazee wengi hapo ndo wanafunguka. Akikujibu tulikuta hivo, usibishane naye, andika kwenye daftari, hilo ni swali la kwenda nalo chuoni. Ukienda chuo na daftari lenye maswali mia moja kama hayo utasoma tofauti kabisa na mwenzako aliyetoka moja kwa moja shuleni. Ada yako italipwa kwa kitu unachokitafuta.

Jambo moja tu kwa mzee uwe mkali, dawa za kupulizia. Kizazi chetu wengi tulichanganya dawa kwa mkono mtupu, wengine kwa kijiti cha kuokota, na makopo tukahifadhia maji. Wewe usikubali. Glavu, gambuti, miwani, barakoa ya kazi hiyo, nguo unazozifua peke yake. Soma karatasi ya kwenye chupa mpaka mwisho, pale wanapoandika kipimo na muda wa kukaa kabla watu hawajaruhusiwa kuingia tena. Usipulizie upepo ukivuma. Na kabla ya dawa uulize kwanza ni mdudu gani, maana kuna mimea inapuliziwa dawa ya wadudu wakati tatizo ni ukungu au ni kiu tu. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye tawi geuza majani utazame chini yake, mara nyingi wanafuata utamu unaotolewa na vidukari, na vidukari wengi unaweza kuwaondoa kwa maji ya mpira yenye nguvu kidogo bila ata tone la dawa.

Tukija kwenye chuo. Peleka maombi sasa hivi kwa ajili ya mwaka ujao ili akiba nayo ipumue, lakini kabla hujalipa chochote nenda kwa miguu yako ukaone. Usiende ofisini kwanza, omba kuona kitalu cha wanafunzi. Kama hakuna kitalu, au kipo na magugu yamefika kiunoni, nakushauri utafute kwingine. Uliza kwa wiki wanakaa nje saa ngapi na darasani saa ngapi. Uliza mtihani wa kutambua mimea unafanywaje, wanaonyeshwa picha au wanawekewa matawi ya kweli mezani. Tafuta mtu aliyemaliza miaka miwili iliyopita umuulize leo anafanya nini. Na cheti chenyewe ujue kinatambuliwa na nani, maana ukitaka baadaye kufanya kazi kwenye hoteli, bustani za serikali au kampuni kubwa hilo watakuuliza.

Kufundishia ndani ya bustani yenyewe ni jambo la zamani sana, siyo mtindo mpya. Bustani ya mimea ya chuo kikuu cha Padova kule Italia ilianzishwa mwaka 1545 ili wanafunzi wa udaktari waijue mimea ya dawa kwa macho na mikono, kwasababu kukosea mmea mmoja ukadhani ni mwingine kulikuwa kunadhuru wagonjwa. Mpaka leo bustani kubwa kama Kew ya London na Longwood ya Pennsylvania kule Marekani zinafundisha watu hivo hivo, mwanafunzi anafanya kazi kwenye bustani halisi na masomo yanakwenda sambamba. Na kama karibu na wewe kuna bustani ya mimea ya chuo au ya serikali, ata ndogo, waulize kama wanachukua watu wa kujitolea siku moja moja. Pale mimea imewekewa vibao vya majina, ni maktaba ya bure ile.

Majina mwanangu, hapo nakuomba sana usipuuze. Jina la mtaani mmea mmoja unaweza kuwa nayo matano, na jina moja likabeba mimea mitatu isiyohusiana. Haya majina mawili mawili ya Kilatini tunayotumia yametokana na kazi ya Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, ya mwaka 1753, na faida yake ni kwamba ukiagiza unaletewa kile kile. Siyo mambo ya kujionyesha. Chukua Nerium oleander, maua mazuri, inavumilia ukame, wateja wanaipenda mno, na ni sumu kuanzia jani mpaka ua mpaka tawi. Usipoijua utaipanda pembeni ya bembea ya watoto. Jiwekee mimea mitano kwa wiki, chuma jani, libane kwenye daftari, andika jina, uliikuta wapi, juani au kivulini, maji yake yakoje. Mitano kwa wiki ni zaidi ya 250 kwa mwaka, utaingia chuoni unajua mimea kuliko wengi wanaotoka.

Na jifunze kusoma jani kabla hujashika mfuko wa mbolea. Yakianza njano majani ya zamani ya chini wakati ya juu bado kijani, inaweza kuwa nitrojeni imepungua, mmea unaitoa chini unaipeleka juu. Yakianza njano machanga ya juu huku mishipa ya jani imebaki kijani, hiyo mara nyingi ni chuma, na chuma kinaweza kuwepo kwenye udongo tele ila udongo una chokaa nyingi mizizi inashindwa kukichukua, ukiongeza mbolea ya kawaida hapo umepoteza hela ya mteja. Yakiwa njano yote kwa pamoja na udongo umelowa, unajua sasa wapi pa kuangalia.

Ile kozi ya mwezi mmoja ya kwenye simu sisemi ni mbaya, unaweza kujifunza maneno na kuona video nzuri usiku ukiwa umechoka. Ila usiilipie ukidhani imechukua nafasi ya hizo mbili. Mtu hawezi kukushika mkono kupitia simu akakuonyesha mkasi umeingia pembe mbaya.

Kuhusu umri nitasema kifupi kwasababu hapana shida. Miaka 28 una mgongo mzima na akili iliyotulia. Ile miaka minne ya kuingiza data haijapotea pia, umezoea kurekodi kitu kidogo kidogo bila kuchoka, na fundi bustani anayeandika alipanda nini lini, akapogoa lini, akaweka nini, ni adimu sana, wateja wakubwa wanamtafuta. Mgongo huo lakini uutunze, nyanyua kwa magoti, tumia toroli, mashine za kelele ziba masikio, na chanjo ya pepopunda uwe nayo maana sisi tunachomwa miiba na tunashika udongo kila siku.

Baba yako usibishane naye. Anachoogopa anakijua yeye, ameona watu wa kazi hii wakidharauliwa na kulipwa vibaya na hajakosea kuona. Usimpe hotuba. Siku moja mchukue, mpeleke kwenye lile tuta lako la mita mbili, au ukishajua nini kiliua ile miche mueleze kama unavyomueleza mtu wa kawaida, maji yalifanya hivi, mizizi ikawa hivi, na sasa tunafanya hivi. Wazazi wengi wanalainika wakisikia mtoto anaongea kazi yake kwa uhakika. Na kama hatalainika mwaka huu endelea kumsalimia na kumheshimu, kazi itaendelea.

Umeniuliza kama aliyeua miche 23 ana sababu ya kuendelea. Mimi niliyekuambia habari ya kola ya mti nimeharibu miti ambayo ina umri mkubwa kuliko wewe, na hiyo haichimbuliwi ikapandwa mingine. Fundi ninayemuogopa ni yule ambaye mmea ukimfia anasema udongo mbaya, mche mbaya, mteja hakumwagilia, anaondoka. Wewe umehesabu, umesema 23, haukusema michache. Umeandika kila ulichofanya bila kuficha ata ile mbolea. Kwa hilo nakuona ndani ya kazi hii.

Ukienda kwa yule mama, usianze na kujitetea. Mwambie, mama nilikosea, nimechimbua, hiki ndo nimekikuta, muonyeshe mzizi wenyewe ukiwa mkononi mwako. Mwambie utapanda upya kazi yako ikiwa bure, na miche mtazungumza mnagawanaje, kama una uwezo ilipie wewe, kama huna sema ukweli umlipe kidogo kidogo. Safari hii chukua miche midogo, na usipande yote kwa siku moja, panda mitano kwanza ukae nayo wiki chache. Ile 17 iliyobaki hai usiiguse kwa mbolea kabisa. Fukua shingo zake kidogo kidogo kwa mkono mpaka uone pale shina linapotanuka, na yule kijana mfundishe kuingiza kidole kwenye udongo kabla ya kushika mpira, kikitoka na unyevu aache, arudi kesho.

Na kwenye kazi zote zinazokuja andika karatasi moja kabla ya kupanda, mmea gani kwa jina kamili, mingapi, nani atamwagilia na kwa utaratibu upi, utarudi kukagua lini na lini, na ikifa ndani ya muda fulani mnafanyaje. Nusu ukurasa unatosha, msaini wote wawili.

Mpigie leo kabla giza halijaingia. Ukishasuuza hiyo mizizi niandikie ulichokikuta, rangi, harufu, inazunguka au haizunguki, na maji ya kwenye kashimo yalishuka sentimita ngapi.